Likizo Mtwara na Lindi: fuata saa na msimu, ramani iache mfukoni

Watu wengi wakija kusini likizo wanafanya vilevile, wanafungua simu wanatafuta vivutio vya Mtwara, wanaletewa fukwe mbili tatu na picha ya Boma la Mikindani, wanavimaliza vyote kwa siku moja na nusu afu wanarudi Dar wanasema kule kumepoa, hamna kitu. Vitu vipo jamani, ila havijapangwa sehemu moja vinakusubiri wewe. Hamna mtaa wa wasanii huku, wala ukumbi wenye ratiba ya muziki imebandikwa mlangoni. Chakula kina saa yake, ukichelewa unakuta sufuria linaoshwa. Muziki una msimu wake. Na sanaa iko kwenye vitu ambavyo watu wanavitumia kila siku, mlango, mashua, kanga, bajaji, vinyozi, kwa hiyo nyingine inatembea kabisa na ni wewe unatakiwa ukae inapopita. Ndo maana naanza na kalenda kabla sijasema kitu kingine chochote.

Uje lini sasa

Kuna misimu miwili mizuri na haifanani hata kidogo.

Wa kwanza ni Juni mpaka Agosti. Mvua imeisha, upepo wa kusi unapuliza, jioni unaweza ukavaa hata shati la mikono mirefu, na vijijini watu wameshavuna. Mavuno yakiwa ndani na shule zikifungwa ndo kipindi cha jando na unyago, kwa hiyo ngoma unazisikia kweli, sio za jukwaani. Kiangazi hicho hicho ndo utawaona akina mama barabarani na ming'oko.

Wa pili ni Oktoba mpaka mwisho wa mwaka, yaani korosho. Mabibo yanaiva, minada ya vyama vya ushirika inaanza, mkulima analipwa, na hela ikishaingia mikononi mji unaamka wote, harusi zinapangwa mfululizo, spika zinakodishwa kila wiki, na wasanii wa bongo fleva na singeli nao hawalali, wanaleta shoo kusini wakati huo huo maana wanajua kiingilio kitalipwa. Ubaya wake gesti zinajaa watu wa korosho na madereva wa malori, na joto la Novemba sio la mchezo. Mimi ukiniuliza, kwa ngoma na chakula cha asili nitakwambia Julai, kwa muziki wa spika na mabibo nitakwambia Novemba, na mtu anayetaka vyote kwa safari moja namuonea huruma tu.

Masika kama unakuja kwa basi fikiria mara mbili. Mei 2024 baada ya kimbunga Hidaya barabara ya Dar kuja kusini ilikatika maeneo ya Somanga na watu wakakwama njiani, kwa hiyo Machi mpaka Mei kama hela ipo panda ndege.

Halafu Ramadhani. Pwani yote hii wengi ni Waislamu, mchana mama lishe wengi wanafunga, na kula hadharani barabarani sio ustaarabu. Ila jioni, aisee. Futari ya huku ina muhogo wa nazi, magimbi, kunde, tambi, uji wa pilipili manga, na ukiwa umejenga urafiki na mtu mmoja tu utakaribishwa. Kwa hiyo sisemi usije, nasema usije na ratiba ya kula mchana.

Njia na pa kulala, haraka haraka

Basi kutoka Dar linatumia siku nzima, linavuka Rufiji kwenye Daraja la Mkapa lililofunguliwa 2003, na mengi yanasimama Somanga ambapo utakuta samaki wa kukaanga, chagua aliyetoka mafutani muda huo na sio yule aliyepangwa tangu asubuhi. Lindi inakuja kwanza, Mtwara iko mbele yake zaidi ya kilomita mia moja. Ushauri wangu pitiliza mpaka Mtwara, kaa huko siku nyingi zaidi, Lindi uishike wakati wa kurudi.

Mtwara wageni wote wanapelekwa Shangani. Pazuri, kuna bahari na utulivu, ila usiku utulivu huo ndo utakuudhi kama umekuja kutafuta kelele. Tafuta gesti maeneo ya katikati karibu na soko, Shangani uende kuogelea.

Chakula kinaenda na saa

Asubuhi ni supu na chapati kama sehemu nyingine zote, hilo halinitoi kitandani. Kinachonitoa ni mbaazi za nazi na mandazi. Mbaazi zinalimwa sana mikoa hii, na mama anayejua anazipika na tui la kwanza mpaka linakuwa zito linashika kijiko, sio ule mchuzi mwepesi wa maji maji. Wanaozipika vizuri wanamaliza mapema, ukishatoka gesti saa nne hesabu umekosa. Uliza usiku wa kuamkia, "mama samahani, mbaazi nzuri asubuhi napata wapi?" Utaelekezwa kwa jina la mtu, mama fulani karibu na msikiti fulani, na jina la mtu ndo anwani ya kuaminika kuliko yoyote utakayoikuta kwenye simu.

Mchana tafuta ugali wa muhogo. Najua kuna watu wameshakunja uso. Ugali huu unavutika na una harufu yake, wengine unawashinda siku ya kwanza, ila ukiuweka na kisamvu cha nazi au samaki wa kupaka unaelewa kwa nini watu wa hapa wakikaa Dar muda mrefu wanautamani. Omba nusu ya ugali na nusu ya wali kama unaogopa, mama lishe hawezi kukukatalia, atakucheka kidogo basi.

Samaki nenda Feri. Mtwara pale ndipo vyombo vinapoleta na samaki wananadiwa kwa mafungu, changu, tasi, pono, kibua, kolekole, ngisi. Sio lazima ununue fungu zima. Simama pembeni uone mnada unavyoenda, usiingilie bei usiyoielewa, kisha geukia upande wa wakaangaji, nunua samaki mmoja mmoja ukaangiwe hapo hapo. Angalia macho ya samaki, yawe yameng'aa na yametokeza, na funua shavu uone wekundu. Aliyefifia macho mwache kwa heshima bila kumsema, mwenye samaki anajua na wewe unajua.

Hapa sasa kuna kitu wageni wengi hawakijui, bahari nayo ina ratiba na ratiba yake ni mwezi. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, siku hizo na zinazofuatia kidogo, kunakuwa na bamvua, maji yanajaa sana na yanakupwa sana, mwamba unabaki wazi mpaka mbali. Pwani yetu siku za bamvua maji yanakupwa kabisa mida ya saa nne saa tano asubuhi, na ndo utaona akina mama na vijana wanatembea mwambani na vyuma vyao wanatafuta pweza kwenye matundu. Mchana anauzwa, jioni yuko kwenye jiko la mkaa kona ya barabara. Kwa hiyo pweza mzuri mwenye bei nzuri mfuate siku za bamvua. Yakiwa maji mafu, yaani mwezi nusu, pweza anaadimika na unayekatiwa anaweza kuwa amelala kwenye barafu. Dagaa wao wana mambo yao, wanavuliwa usiku wa giza kwa taa, mbaramwezi ikiwaka wavuvi wa dagaa wengi wanapumzika. Kabla hujakata tiketi ya likizo angalia mwezi utakuwa umefikia wapi, sitanii.

Jioni pweza analiwa kwa kusimama. Unakatiwa vipande, unachomewa kijiti, unachovya pilipili, unapewa supu yake kwenye kikombe. Usiagize sahani kama uko hotelini, kula kipande, lipa, sogea jiko la jirani ulinganishe. Pembeni kutakuwa na muhogo wa kuchoma na chachandu, kachori, mishkaki, na chipsi mayai kwa wale waliosafiri kilomita zaidi ya mia tano kuja kula chipsi mayai. Kisha tafuta baraza lenye wazee wa kahawa. Shikamoo kwanza, kaa, kahawa chungu na kashata, kama bao linachezwa usiseme neno hata ukiona kete inayotakiwa. Hapo barazani ndipo utakapojua kesho kuna harusi wapi na ngoma iko kijiji gani, na nitarudi hapo kwenye muziki.

Ming'oko, korosho na mabibo

Ming'oko ni viazi vya porini, vyembamba virefu, vinachimbwa na vinachemshwa kwa uvumilivu mpaka vilainike. Wanaviuza barabarani kwa mafungu, unamenya ganda kwa vidole, unaweka chumvi, pilipili na ndimu, unatafuna huku unatembea. Ladha yake ya kwanza wengi wanaona ni ya kawaida tu, kipande cha tano ndo kinakushika. Mjini unaipata ila ya barabarani kati ya Mtwara na Lindi ni bora zaidi maana haijalala. Chukua iliyo moto, iliyopoa inakuwa ngumu.

Korosho kila mtu anajua, kununua ndo hawajui. Kuna za kiwandani nyeupe nzima nzima zimefungwa vizuri, na kuna zile zinazobanguliwa majumbani kwa mkono, zina vidoa vya moshi na vipande vipande. Za kiwandani peleka zawadi kwa bosi, wewe kula za mkono, zina ladha ya moto. Omba uonje moja, ivunjike kwa sauti, na unuse mfuko, ikinuka mafuta ya zamani rudisha. Watembezaji wa stendi wanapandisha bei kwa mtu mwenye begi, ingia sokoni uulize watatu wanne.

Bibo lenyewe, lile tunda, ni lazima ulile hapa hapa kwa sababu halivumilii safari, likianguka kesho yake limeshaharibika. Kamua juisi mdomoni, litakukaba koo kidogo, hiyo ndo tabia yake. Mambo mawili tu. Moja, usivae nguo unayoipenda, doa la bibo halitoki. Mbili, ile korosho mbichi inayoning'inia chini usiing'ate wala usijaribu kuimenya, ganda lake lina mafuta yanayounguza, midomo itachubuka na likizo yako itaishia hapo. Mwenye mtoto amshike mkono kabisa.

Kinywaji cha mabibo kinaitwa uraka, kinanywewa msimu huo huo kikiwa kipya. Ukikaribishwa na watu unaowajua onja kama ni mnywaji. Gongo iache, kisheria imekatazwa na hakuna anayeweza kukuhakikishia imechemshwaje.

Sanaa iko wapi

Mtwara mjini usitafute milango ya kuchonga, utachoka bure. Mji huu kwa sehemu kubwa ni wa juzi, ulipanuliwa na Waingereza baada ya 1947 kwa ajili ya ule mradi wao wa karanga, wakajenga bandari ya kina kirefu na reli kwenda Nachingwea, mradi ukafa 1951 na reli nayo ikang'olewa baadaye. Ndo maana barabara zimenyooka na pana na nyumba hazina uzee. Uzee uko Mikindani, kama kilomita kumi tu, daladala za kufika ni nyingi na njia inapita kando ya bahari.

Mikindani nenda alasiri jua likiwa limelala, kivuli ndo kinatoa michongo ya mlango. Shuka, tembea kwa mguu vichochoro vya chini karibu na maji. Boma la Wajerumani la 1895 limekarabatiwa, ingia ukitaka kuona mji kutoka juu, na kuna nyumba yenye kibao cha Livingstone ambaye alianzia hapa safari yake ya mwisho ya bara 1866. Mimi hivyo vyote navipa nusu saa. Milango ndo naipa muda. Angalia kwanza kizingiti cha juu, mara nyingi ndipo penye maandishi au mwaka, shuka kwenye miimo uone kama kuna mnyororo, maua au magamba ya samaki, kisha mhimili wa katikati. Nyingine zimeoza, nyingine zimepigwa rangi ya mafuta ya kijani mpaka michongo imezibwa, inauma lakini ni mlango wa mtu, watu wanalala ndani. Piga hodi, salimia, omba. Mara nyingi mwenye nyumba ndo atakuelezea babu yake aliununua kwa nani.

Vinyago vya Kimakonde ni habari nyingine ambayo inawachanganya watu. Unafika Mtwara unategemea vinyago kila kona, hukuti. Wachongaji wengi walihamia Dar miaka mingi, ndo unaowaona Mwenge. Hapa waliobaki wanachonga nyumbani kwao na kwenye vibanda vichache, unaelekezwa na watu, na faida yake unakaa na mchongaji mwenyewe. Jua unachokitazama. Ile nguzo ya watu waliobebana juu ya wenzao ni ujamaa, ukoo au kijiji kimoja kinabebana, yale maumbo ya ajabu jicho huku mguu kule ni shetani. Usimwambie mzee "nichongee kama cha picha hii," mwulize yeye anachonga nini na kwa nini, bei itashuka yenyewe au hata isiposhuka utakuwa umepata stori.

Kujua mpingo wa kweli sio kazi. Mpingo ni mzito, kipande kidogo kinakulemea mkono, na ukiutia majini unazama. Pindua kinyago uangalie chini, weusi uwe wa ndani na sio wa kiwi ya viatu, paka kitambaa chenye maji uone kama kinachafuka. Kinyago chenye upande mweupe wa njano njano sio feki, hiyo ni sehemu ya nje ya mti wenyewe na wachongaji wazuri wanaiacha makusudi. Mti huu huu, kwa wapenda muziki, ndo Ulaya wanatengenezea klarineti na obo.

Na ujue uko kwenye udongo wa nani. George Lilanga, yule wa mashetani ya rangi kali yaliyofika makumbusho za nje, alizaliwa Masasi 1934. Edward Saidi Tingatinga, ambaye picha zake zilianzia Dar 1968 na jina lake likawa jina la mtindo mzima, alizaliwa Tunduru, wilaya ya kusini huku huku ingawa ni Ruvuma. Kumbe zile picha za ndege na chui unazonunua Dar kwa kudhani ni za Dar, mizizi yake iko upande huu.

Sanaa ya barabarani yenyewe, ile ya bure, tafuta kwenye kuta za saluni za kinyozi ambapo vichwa vimechorwa kwa mkono na mitindo yote, kwenye kuta za shule za msingi zenye ramani ya Tanzania na mfumo wa chakula wa binadamu, kwenye mashua pale Feri ambazo zina jina na jicho na dua, na nyuma ya bajaji. Bajaji za Mtwara zinasemana. Moja imeandikwa "usinionee wivu, omba na wewe" inayofuata imejibu "sina shida na mtu". Kaa kona yenye foleni nusu saa na daftari, utacheka peke yako. Kanga nazo zisome, kwenye harusi hasa, mtu hajavaa maneno yale kwa bahati mbaya na anayelengwa yuko pale pale.

Picha omba kwanza, kila mara. Kuna bibi wa Kimakonde utamkuta ana chale usoni, au alama ya ndonya, kile kipambo cha kutoboa, kwenye mdomo wa juu, hao ni wachache waliobaki, wengi wamechoka kutazamwa. Shikamoo bibi, kaa chini, ongea, na kama simu haikutoka mfukoni hamna ulichopoteza.

Muziki: usitafute tangazo, tafuta mtu

Kama unapenda bongo fleva unajua Harmonize ni mtoto wa Mtwara, na lile jina la Konde analolibeba ni Umakonde huo huo. Kwa hiyo kwenye bajaji na vibanda utamsikia mpaka uombe msamaha. Shoo kubwa zikija mara nyingi zinapigwa uwanja wa Nangwanda Sijaona na hutazikosa, kuna gari la matangazo linazunguka mitaani na spika kuanzia siku kadhaa kabla.

Ngoma ndo inahitaji ujanja. Sindimba unaijua hata kama hujui kama unaijua, ni ya Wamakonde, ilichukuliwa na vikundi vya taifa ikachezwa kila sherehe ya serikali mpaka ikawa ya kila mtu. Ukiiona kijijini utashangaa, kasi ni nyingine na wapigaji wanaongea na wachezaji kwa ngoma, kiuno kinajibu. Mapiko, wengine husema midimu, ni ya vinyago vya kuvaa, anatoka mtu amefunikwa mwili mzima ana sura ya mbao, watoto wanakimbia huku wanacheka. Usiulize ni nani yuko ndani. Hata kama viatu vyake umevitambua, nyamaza. Wayao na Wamakua nao wana zao, masewe kwa mfano ile ya njuga miguuni ambayo unaisikia kwanza ardhini ndo inakuja masikioni. Kuna tamasha linaitwa MaKuYa linalowakusanya wote watatu, jina lenyewe ni Makonde, Makua na Yao, ukifika Mtwara uliza kama mwaka huo linafanyika na tarehe gani, likiangukia likizo yako panga kila kitu kulizunguka.

Tofauti na hapo rudi kwa wazee wa kahawa, au kwa bodaboda wako. Sema wazi, "kaka, natafuta ngoma, sio disko." Ukialikwa nenda na mwenyeji, vaa kistaarabu, kaa wanapokukalisha, na uwe na noti ndogo ndogo mfukoni kwa ajili ya kutunza. Unaingia kwa kucheza kidogo, unamtuza mpigaji au mchezaji, unatoka. Usitunze noti kubwa kujionyesha, mwenyeji wako ndo atasemwa.

Mpaka uko hapa: ngoma ya nje, ya kumpokea mwali au vijana waliotoka jandoni, ni ya watu wote. Ya ndani sio yako. Hata mtu akikwambia anaweza kukuingiza unyago kwa hela kidogo, kataa, anakuuzia kitu kisicho chake.

Usiku wa Alhamisi, na zaidi mwezi wa Mfungo Sita wakati wa maulidi, pita maeneo ya misikiti ya zamani Mikindani na Lindi usikilize zikri. Simama nje, jifunike vizuri, simu mfukoni. Jumapili wanaopenda kwaya na wana muda wapande juu mpaka Ndanda, misheni ya Wabenediktini tangu 1906. Harusi za mjini zina taarabu mpaka jioni na singeli kuanzia usiku, kigodoro kikishaanza kunoga sana na saa sita imepita wewe mgeni rudi gesti na bodaboda unayemjua kwa jina.

Lindi

Lindi nawaambia watu siku mbili na wanataka kunipiga, wanasema hamna kitu. Fika mchana, zunguka mitaa ya zamani karibu na bahari kwenye maduka na majumba ya wafanyabiashara wa Kihindi, mengi yamechakaa, tembea bila ratiba. Jioni vuka kwa kivuko kwenda Kitunda kisha urudi, ghuba ukiiona kutoka majini mji unabadilika kabisa. Usiku pweza na kahawa tena. Kashata za ufuta nunua Lindi, ufuta ni zao lao na utaona tofauti.

Mtu atakwambia uende Tendaguru ukaone mjusi mkubwa, yaani dinosaria. Mjusi alishaondoka, Wajerumani walichimba mifupa kati ya 1909 na 1913 na amesimama Berlin mpaka leo, ukienda kilimani utaona kilima. Kama unapenda historia nenda, kama umekuja kula baki mjini.

Tiketi ya kurudi kata siku moja kabla, mabasi yanaondoka alfajiri na mama wa korosho atakuwa bado amelala, kwa hiyo korosho nunua jioni ile ile, na kinyago kifunge kwenye nguo ukibebe mkononi, usimruhusu konda akitupe kwenye buti.